Zege la Saa Sita Mchana

Siku ya nne njia yote ya zege bandani ilikuwa imekauka, isipokuwa pale kwenye nguzo ya kati.

Mwanvita alichuchumaa, mtoto mgongoni, akapagusa kwa kidole. Kidole kilizama mpaka pingili ya kwanza. Asubuhi ile ya milima ya Mgeta ilikuwa na baridi ya kuumiza masikio, hata mawe ya ukuta yalitoa jasho, lakini ule uji wa saruji ulikuwa wa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Alikitoa kidole, akakinusa. Hakikunuka saruji. Kilinuka maziwa.

"Laurenti kamwagilia maji mengi mno," alisema Sufiani, mume wake, akiwa mlangoni na ndoo ya pumba. "Kesho patakaza."

"Mbona kwingine pamekaza?"

"Mama Shamsia, zege si ugali kwamba linaiva lote pamoja." Akacheka, akaingia kuwapa mbuzi pumba. Mwanvita naye akacheka kidogo, kwa kuwa mumewe alikuwa na furaha na hakutaka kumwondolea. Ila aliona jambo moja. Mbuzi wote saba walikuwa wamejibana kwenye kuta, wameipa mgongo ile njia mpya.

Banda hilo lilikuwa la mawe, refu na la giza, limejengwa na wazee wa Bibi Mwanahawa, bibi yake Mwanvita mzaa mama. Shamba lilikuwa la ukoo wa kina mama, kama desturi ya Waluguru, na Sufiani alikuja kuoa na kukaa hapo. Ndani, vizimba vilikuwa kulia na kushoto, na katikati palikuwa na ujia wa udongo ambao masika uligeuka tope zito la mkojo na samadi. Kwenye tope hilo ndipo Bibi alipoteleza, mbuzi mmoja alipokuwa ndiyo kwanza amezaa. Nyonga ikapata ufa. Mjomba Dadi akapanda kumchukua, akampeleka mjini Morogoro kutibiwa.

"Akirudi asikute tope," Sufiani alisema usiku uleule. "Na wewe unapita pale na mtoto mgongoni. Nitamwaga zege kutoka mlango hadi mlango, mpite miguu mikavu." Wakakubaliana wasimwambie Bibi. Waliitaka iwe zawadi.

Laurenti, fundi wa kijiji cha jirani, alikuja na toroli, mwiko na maneno yake mengi. Walipanga mbao pande mbili, wakashindilia mawe, wakachanganya mchanga wa mtoni na kokoto. Walikuwa wamefika katikati ya banda jua lilipofika utosini. Bibi angekuwapo, saa hiyo milango ingekuwa imefungwa, maana alikuwa na kawaida ya kufunga banda saa sita mchana na kulifungua baada ya sala ya adhuhuri, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Lakini wingu la mvua lilikuwa linapanda kutoka bondeni, na zege lililokwisha kuchanganywa halingojei mtu.

Penye nguzo ya kati palikuwa na tundu la siku nyingi, mdomo wake kama bakuli.

"Shemeji, tundu lako hili lina njaa," Laurenti alimwambia Sufiani akihema. "Toroli la tatu linameza! Tulizibe kwanza, ama tutahamishia mlima wote humu."

Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa saruji, vidole vinatoka damu. Mwanvita akamwonea huruma. Akakimbilia ndani, akachukua khanga yake ya zamani, ile aliyokuwa akimbebea Shamsia tangu alipotoka arobaini, imechakaa lakini bado ina harufu ya mtoto. Akaikunja, akaisokomeza kwenye tundu kwa mikono yake mwenyewe. Wakati anaisukuma alihisi kama upande wa pili kuna mtu anaipokea, anaivuta taratibu. Akadhani ni ule utupu wa chini. Laurenti akamwaga toroli la nne, nalo likakaa.

"Umeokoa kiuno changu, dada," alisema. "Mungu akuzidishie maziwa."

*

Siku ya tano Shamsia alikataa kunyonya.

Hakulia. Hakuwa na homa. Alikuwa na miezi mitano, mnene, macho mang'avu, na kila mama yake alipompa ziwa aligeuza uso kama mtu aliyetoka kula karamuni. Kufikia jioni matiti ya Mwanvita yalikuwa yamejaa yanauma, ikabidi ayakamue, akamwaga maziwa kwenye migomba. Siku ya sita ikawa hivyohivyo. Mtoto akazidi kunenepa. Mwanvita alipombusu shingoni alisikia harufu aliyoijua, ya saruji mbichi, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na unga mweupe, mkavu, ambao ukiufuta unarudi.

Siku ya saba alikuwa anapalilia kabichi karibu na uzio, jirani yake Mama Raphael akampa salamu, kisha akaegemea jembe.

"Mwenzangu, nina neno. Mbona siku hizi unanyonyeshea bandani jua la utosi? Nakuita huitiki."

"Mimi?"

"Wewe, nani mwingine! Leo tu. Umekaa mlangoni, umenipa mgongo, na ile khanga yako ya zamani."

Mwanvita aliweka jembe chini. "Mama Raphael, leo saa sita nilikuwa bondeni nakata majani ya mbuzi. Shamsia nilimlaza barazani. Si nilikuomba umtupie jicho?"

"Ndiyo, nikamtupia. Nikachungulia mara ya kwanza, amelala. Mara ya pili nikakuona unamnyonyesha. Nikasema, haya, mama mtu karudi, nikaenda kugeuza ugali wangu." Sauti yake iliposhuka ilikuwa ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. "Jana pia. Na juzi pia. Mwanvita, kama hukuwa wewe, alikuwa nani?"

Mwanvita alikuwa anaangalia khanga aliyojitanda, mpya, ya manjano. Ile ya zamani ilikuwa chini ya zege.

Alasiri hiyo akaanza kusikia sauti. Ilitoka bandani, nyembamba, inakatika na kuanza tena. Alidhani ni kile kitoto cha mbuzi kilichozaliwa siku Bibi alipoteleza. Akaenda kukitazama, akakikuta kimelala chini ya mama yake, mdomo umefungwa, masikio yamesimama, nacho kinasikiliza.

Sauti ilikuwa chini ya nguzo ya kati.

Sufiani aliposikia naye hakufanya mzaha tena. Jioni akamleta Mwalimu Hatibu wa madrasa. Mwalimu alivua viatu mlangoni, akasimama juu ya njia, akasoma kwa sauti ya upole aliyokuwa anawasomea hata watoto wenye homa. Alisoma mpaka ukungu ukaingia ndani ya banda na kumfunika miguu. Kilio hakikuzidi, wala hakikupungua. Alipomaliza alitoka na viatu mkononi.

"Amekataa kutoka?" Sufiani alinong'ona.

"Mimi nafukuza kilichoingia, kijana wangu. Huyu hajaingia. Huyu amefungiwa." Akamtazama Mwanvita kwa huruma. "Kisomo hakifungui zege. Nani aliyelijua banda hili kabla yenu? Mwiteni."

Mwanvita akapiga simu mjini. Akamwambia Bibi kuhusu njia ya zege.

"Mmemwaga saa ngapi?" Bibi aliuliza.

"Saa sita, Bibi. Mvua ilikuwa—"

"Saa sita alikuwa mtoni," Bibi alisema, kama anayesema na nafsi yake. "Mwanvita, sikiliza. Shamsia asishuke mgongoni mwako. Hata dakika moja. Nakuja kesho, hata kama ni kubebwa kwa machela."

*

Alikaa naye mgongoni usiku kucha, na asubuhi yote. Alipika naye, alifua naye, alisali naye. Kufikia saa tano na nusu mabega yalikuwa yanawaka moto. Akakaa kwenye kigoda jikoni, mgongo ameuelekeza ukutani ili mtoto awe katikati yake na ukuta, akasema atafumba macho kidogo tu, kiasi cha kupumua.

Alipofumbua macho mgongo ulikuwa mwepesi. Mbeleko ilikuwa bado imefungwa kifuani, fundo lilelile, kama lilivyokuwa.

Akatoka mbio na miguu mitupu, ukungu umeufunika uwanja wote hata paa la banda halionekani, na katika ukungu ule hapakuwa na jogoo wala ndege wala mvumo wa gari kutoka barabarani, ila sauti moja tu aliyoijua kuliko sauti zote za dunia, ile sauti ndogo ya koo la mtoto anayenyonya na kumeza, anayenyonya na kumeza, naye akaifuata akipapasa ukuta wa mawe mpaka akaufikia mlango, akachungulia.

Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya njia, amempa mgongo. Amejifunga ile khanga ya zamani, imelowa uji wa saruji. Nywele zake zilikuwa za kijivu cha vumbi, ila mkono aliounyoosha kumpapasa mtoto ulikuwa laini, mkono wa mzazi wa juzijuzi. Alikuwa anambembeleza Shamsia vizuri, vizuri kabisa, anamfuta maziwa ya kidevuni kwa pindo la khanga kama anavyofanya Mwanvita mwenyewe. Na njia ile ambayo Sufiani alikuwa ameipiga nyundo asubuhi ikalia kama jiwe, yeye alikuwa amesimama ndani yake, zege limemfika kwenye vifundo vya miguu kama mtu anayevuka kijito.

Chini, kile kilio kikaanza. Mwanamke akaganda. Akapiga magoti, akatia mkono mahali palipokuwa pabichi, ukaingia hadi kwenye kiwiko, akapapasa, akapapasa, kwa pupa, kisha akautoa mtupu. Akalia. Kilio chake hakikuwa cha kutisha, na hilo ndilo lililomtisha Mwanvita kuliko yote, kwa maana alilia kama mwanamke yeyote wodini. Kisha akamtazama Shamsia kwa muda. Akambusu kichwani. Akaanza kumshusha, miguu kwanza, polepole, ndani ya zege.

"Dada!" Mwanvita alipiga kelele. Hakujua kwa nini alisema hivyo. "Dada yangu, huyo ni wangu!"

Akajitupa kifudifudi kwenye njia, akamshika mtoto kwapani, akavuta. Kitu cha chini kikavuta. Akavuta tena, na ghafla pakalegea, akaanguka chali kwenye samadi na mtoto kifuani. Alipoinua kichwa hapakuwa na mtu bandani. Mbuzi walikuwa wanatetemeka. Shamsia alikuwa anatabasamu, na mguu wake wa kulia ulikuwa umepakaa saruji mbichi mpaka kwenye goti.

Sufiani aliyekuja mbio kutoka shambani aliutazama mguu ule, akalitazama zege lake la siku nane. Akaenda kuchukua nyundo.

*

Siku ile Bibi Mwanahawa alikosa gari la kupanda mlimani; alifika kesho yake saa nne, kwenye lori lililopanda kuchukua mboga, amekalishwa mbele na mito miwili. Walimpokea kwa shikamoo, hakuitikia vizuri, macho yapo bandani. Sufiani na Laurenti walikuwa wamepiga mtarimbo tangu jana. Kwingine zege lilipasuka. Pale kwenye nguzo, kila wakichota uji, uji ulijaa tena.

"Mimi fundi wa kujenga, Bibi," Laurenti alisema, akijaribu kucheka na midomo imemkauka. "Kubomoa kazi ya mvua."

"Acheni. Niletee kiti, Laurenti, mwanangu. Na wewe pumzika, mikono yako hiyo mibaya." Akaketi. Akamwita Mwanvita karibu. "Ulikuwa unaniona nikimwaga dang'a kwenye lile tundu?"

Mwanvita alikumbuka. Kila mbuzi alipozaa, yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, Bibi aliyachukua kwenye kibuyu, akaenda nayo bandani peke yake.

"Nilidhani unawapa paka."

"Nilikuacha udhani. Nilisema huyu mjukuu wangu ana simu, ana kliniki, atanicheka. Kosa ni langu, si lenu." Akafuta macho. "Wazee walilijenga banda juu ya mlango wa watu. Sisi tuko juu, wao chini. Kuna mama humo. Mbuzi wetu akizaa, naye anajifungua, na maziwa yake hukawia, basi tunamsaidia yale ya kwanza. Mchana huenda mtoni, ndiyo maana tunafunga milango, tusije tukamwona akipita akaona haya. Hajawahi kutudhuru, tangu enzi za bibi yangu. Siku niliyoteleza nilikuwa natoka kumpa. Kwa hiyo ana mtoto mchanga. Alikwenda mtoni, mkafunga mlango mtoto yuko ndani."

Sufiani aliinamisha kichwa.

"Na tundu mliliziba na nini?"

"Khanga," Mwanvita alisema. "Ya kumbebea Shamsia."

"Ya kumbebea mtoto." Bibi alifumba macho. "Umemfungia wake, ukampa nguo ya wako. Angeelewaje, mwanangu? Ameona umempa wako badala ya wake."

Nje ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Ilikuwa inaelekea saa sita.

"Tufanyeje, Bibi?"

"Maziwa. Ndiyo hodi yake. Zege litaachia."

Lakini mbuzi walikuwa wamekauka tangu wiki iliyopita, hata yule aliyezaa alikuwa akitoa matone tu. Wakatazamana. Mwanvita ndiye aliyeelewa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kifua kinachouma. Akamfungua Shamsia mgongoni, akampakatisha Bibi, akamwambia mumewe na Laurenti watoke.

Akapiga magoti kwenye njia. Akajifungua khanga, akainama mpaka matiti yakawa karibu kugusa ule ubichi, akaanza kukamua. Tone la kwanza lilikaa juu kama la mafuta. La pili likazama. Kilio cha chini kikanyamaza, namna mtoto anavyonyamaza akisikia hatua za mama yake. Ule uji ukaanza kushuka, ukashuka taratibu, ukaacha tundu jeusi lenye mdomo kama bakuli, na pumzi ya baridi ikatoka humo yenye harufu ya udongo uliokaa miaka mingi bila jua. Mwanvita alitaka kuinuka. Mgongo wote ulimwambia ainuke. Lakini alifikiria siku nane, na kitoto kisichojua saruji ni nini, akabaki ameinama, akafumba macho, akasema, "Haya, haya, mama yuko hapa," kama anavyosema kila siku.

Midomo ikamshika.

Ilikuwa midogo, ya baridi kama jiwe la mtoni, na ilinyonya kwa njaa iliyomfanya aume meno. Alisikia Bibi nyuma yake akisoma aya kwa sauti ya chini. Hakujua ni muda gani. Ilipoachia, aliona kivuli kimesimama mlangoni, hakikumvamia, kinangoja kama mgeni anavyongoja kukaribishwa.

"Mpishe," Bibi alinong'ona.

Mwanvita akasogea. Kitu kikampita na ubaridi wake, na mbuzi wote saba wakalala chini kwa pamoja.

*

Jioni hiyo Shamsia alinyonya kwa mama yake mpaka akalala na ziwa mdomoni. Maziwa ya mbuzi yakarudi. Laurenti aliinyoosha njia vizuri, ila kwenye nguzo ya kati aliacha duara la udongo, upana wa ungo, akalizungushia kingo. Watu wakiuliza, Sufiani husema ni la kupitishia maji.

Bibi hakufurahi sana kama walivyotarajia. Siku moja, akiwa anaota jua, alisema, "Yule kamnyonyesha wako, nawe umemnyonyesha wake. Unajua maana yake?"

"Ndugu wa ziwa moja," Mwanvita alijibu.

"Ndugu hafukuzwi. Anakuja na kuondoka anavyotaka."

Wiki mbili baadaye, saa sita mchana, Mwanvita aliikuta ile khanga ya zamani barazani. Ilikuwa imefuliwa, imekaushwa, imekunjwa vizuri kama wanavyorudishiana majirani, haina hata chembe ya saruji. Akainua macho. Kwenye ukungu, kule njia inakoshukia bondeni, mwanamke alikuwa anakwenda mtoni na ndoo kichwani. Mikono yake ilikuwa mitupu, na mwendo wake ulikuwa mwepesi, mwendo wa mama aliyepata pa kumwacha mwanawe.

Mwanvita alikuwa na kabichi za kuwahisha kwenye lori, na mvua ilikuwa inakuja. Akamweka Shamsia mgongoni, akachukua khanga iliyokuwa karibu, ile iliyorudishwa, akamfunga nayo. Akaanza kupanda mlima.

Kwenye mwinuko wa kwanza akaona mzigo umekuwa mzito. Kwenye wa pili, Shamsia alicheka, na baada ya kicheko chake kikaja kingine, chembamba zaidi, karibu na sikio la kushoto. Baridi ikampenya Mwanvita kupitia gauni, upande mmoja tu wa mgongo.

Hakugeuka. Alirudisha mkono nyuma, akampigapiga Shamsia matakoni kama kawaida yake. Kisha, polepole, akausogeza mkono upande wa pili, akampigapiga na mwingine, akakaza fundo wasije wakaanguka, akaendelea kupanda.